Kuwinda dhoruba au kuingojea: Oklahoma, Darwin, Maracaibo au kwetu Ziwa Victoria?

Anayependa kutazama dhoruba leo ana uchaguzi mpana kuliko mtu yeyote wa kizazi kilichopita. Kuna kulipia kiti katika gari la watalii na kuzungushwa wiki nzima katika nyanda za katikati ya Marekani mkitafuta tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka winguni hadi ardhini. Kuna kukodi gari na kushika usukani mwenyewe. Kuna kukaa ufukweni Darwin, kaskazini mwa Australia, ukiliangalia wingu moja likijijenga karibu kila alasiri ya msimu wake. Kuna Ziwa Maracaibo la Venezuela, linaloongoza duniani kwa wingi wa radi. Na kuna kubaki nyumbani, Mwanza, Kisumu, Entebbe au Bukavu, katika ukanda ambao kwa radi unaifuata Maracaibo kwa karibu sana.

Wengi huchagua kwa kutazama video. Video humwonyesha mtu wingu, haimwonyeshi barabara wala rada, na mimi nashikilia kwamba hizo mbili ndizo za kulinganisha kwanza. Dhoruba huwindwa mahali ambapo unaweza kujua inaelekea wapi dakika hii, na una njia ya kuikwepa ikigeuka. Pasipo hayo, hata anga liwe kali namna gani, dhoruba hungojewa, tena ukiwa ndani ya jengo imara. Kila mahali nitapapima kwa kipimo hicho kabla sijagusa pesa wala uzuri wa mandhari.

Mchezo ulivyokua

Mwaka 1956 dhoruba ilipiga Bismarck, North Dakota, na kijana wa mji huo, David Hoadley, akaanza kuzifuata dhoruba kwa gari. Enzi hizo hapakuwa na picha ya rada ya kutazama njiani. Mtu alikusanya vipimo vya hali ya hewa asubuhi, akachora ramani kwa mkono, akakisia dhoruba itazaliwa wapi, kisha akaondoka. Akishakuwa barabarani alitegemea macho yake, redio, na simu za kulipia za kando ya njia. Mwaka 1977 Hoadley alianzisha Storm Track, jarida dogo lililowaunganisha watu wachache wenye mapenzi kama yake.

Sayansi nayo ilikuwa imeshaingia barabarani. Maabara ya Taifa ya Dhoruba Kali ya Marekani, NSSL, iliyoanzishwa Norman, Oklahoma, mwaka 1964, ilituma watu wake kufuata dhoruba, na tarehe 24 Mei 1973 wakaipiga filamu tonado ya Union City huku rada ya Doppler ya Norman, ile inayopima mwendo wa upepo ndani ya wingu, ikiitazama dhoruba hiyo hiyo. Walipolinganisha filamu na takwimu za rada waliona kwamba alama ya mzunguko ilijitokeza juu angani kabla tonado haijagusa ardhi. Tahadhari zinazookoa maisha ya watu wa Oklahoma hadi leo zimejengwa juu ya kazi ya namna hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema huu ni upuuzi wa watu wasio na kazi.

Miaka ya 1990 mambo yakaja kwa pamoja. Mtandao wa rada za Doppler ulisambazwa Marekani nzima na takwimu zake zikawa wazi kwa umma. Kampuni za kwanza za kuwapeleka watalii kwenye dhoruba zikaanza kazi. Mwaka 1996 filamu ya Twister ikawatia hamu watu ambao hawajawahi kufika Kansas. Baadaye, kuanzia 2007 hadi 2011, televisheni ya Discovery ilirusha mfululizo wa wawindaji, na simu janja zikaiweka rada mfukoni mwa kila mtu. Sasa mwindaji hurusha safari yake mubashara na anayeitazama yuko Nairobi au Muscat. Nje ya Marekani, Uingereza ilikuwa na TORRO, shirika la kuchunguza tonado na dhoruba, tangu 1974. Waaustralia wakawa na vikundi vyao, na mwaka 2002 wapenzi wa dhoruba wa Ulaya wakaanzisha ESTOFEX, inayotoa utabiri wa dhoruba kali kwa bara zima.

Nyanda za Marekani: kiti cha mtalii na usukani wako

Hakuna mahali pengine ambapo anga na barabara vimekubaliana hivi. Kati ya Aprili na Juni hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Mexico, hewa kavu huja kutoka majangwa ya kusini-magharibi na miteremko ya milima ya Rocky, na juu kabisa hupita upepo wa kasi. Upepo unapobadili mwelekeo na kuongeza kasi kadiri mtu anavyopanda juu, wingu zima linaweza kuanza kuzunguka. Wingu la namna hiyo huitwa superseli. Linaweza kuishi saa kadhaa na kusafiri mamia ya kilomita, likimwaga mvua ya mawe, na mara chache likishusha tonado. Marekani hupata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka, nyingi zikiwa dhaifu na za dakika chache tu.

Chini ya anga hilo kuna ardhi tambarare iliyopimwa kwa miraba, na katika maeneo mengi ya Kansas na Oklahoma utakuta barabara kila baada ya maili moja, yaani kilomita 1.6. Dhoruba ikielekea kaskazini-mashariki unaipanda kama ngazi: mashariki kidogo, kaskazini kidogo, mashariki tena. Ikikugeukia, kuna njia ya kusini inayokungoja mbele kidogo. Cordoba ya Argentina ina dhoruba kubwa mno, kiasi kwamba wanasayansi walikusanyika huko mwaka 2018 kuzichunguza katika mradi wa RELAMPAGO. Bangladesh nayo ilipata mwaka 1989 tonado iliyoua watu wapatao 1,300, idadi kubwa kuliko ya tonado nyingine yoyote inayojulikana. Lakini Cordoba ina milima, na Bangladesh ina mito na msongamano wa watu. Kwa mwindaji mgeni hiyo ni tofauti kati ya kuona na kunaswa.

Ukilinganisha kiti cha mtalii na usukani wako mwenyewe, jambo la msingi ni nani anayefikiri. Katika safari ya kampuni, kiongozi husoma utabiri asubuhi, huamua mji wa kulenga, huendesha au hukaa na dereva, na kazi yako ni kuangalia juu. Mnaweza kusafiri kilomita 600 au zaidi kwa siku moja. Mtakula kwenye vituo vya mafuta. Mtalala katika mji ambao hamkuutaja asubuhi. Na hakuna kampuni ya kweli inayoahidi tonado: wiki nzima inaweza kupita chini ya anga la buluu, umelipa dola elfu kadhaa, na hukudhulumiwa. Anayeshindwa kuvumilia hilo asiende.

Hata hivyo nitasema jambo ambalo matangazo hayalisemi vya kutosha. Kitu kizuri kuliko vyote katika nyanda zile ni superseli yenyewe, ikiwa peke yake jioni juu ya mashamba ya Nebraska, mwili wake mzima ukizunguka polepole na jua likiipiga kutoka upande. Unaiona ukiwa kilomita nyingi, salama, ukiwa umesimama nje ya gari. Tonado ni ya dakika chache na mara nyingi imefunikwa na mvua. Anayesafiri kwa ajili ya wingu ana nafasi kubwa ya kurudi ameridhika kuliko anayesafiri kwa ajili ya tonado pekee.

Unapochagua kampuni, uliza abiria ni wangapi kwa kila dereva, na kama mtu yule yule anaendesha, anasoma rada na kurusha video mubashara kwa wakati mmoja. Jibu likiwa ndiyo, tafuta kwingine. Tangazo linalojivunia kusogea karibu mno nalo ni la kuachwa. Kiongozi mzuri hujisifu kwa muda aliowaweka watu mahali penye mwonekano mzuri, na siyo kwa mita zilizobaki.

Kuendesha mwenyewe kunakupa uhuru, na ni rahisi zaidi kwa anayeishi huko tayari. Ndugu zetu walioko Dallas, Kansas City, Omaha au Des Moines hawahitaji viza wala tiketi ya ndege: dhoruba huwapitia juu ya paa. Kwao ningeshauri waanze na mafunzo ya Skywarn, mpango wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani wa kuwafunza raia kutambua na kuripoti dhoruba. Ni bure, darasa huchukua kama saa mbili, na halidai elimu ya awali. Ukitoka hapo unajua kutofautisha wingu linaloshuka kwa kuzunguka na wingu la kutisha lisilo na madhara, na una namba ya kupiga unapoona hatari. Mtu wa namna hiyo anawasaidia na majirani wasioelewa tahadhari zinazosomwa kwa Kiingereza.

Yako mambo ambayo anayeshika usukani lazima ayajue kabla ya kutoka. Tonado ya superseli inayoelekea kaskazini-mashariki kwa kawaida huwa upande wa nyuma wa kusini-magharibi, na mvua ya mawe huwa mbele yake, hivyo wawindaji hukaa upande wa kusini-mashariki wa dhoruba, wakiwa na barabara ya kwenda kusini au mashariki. Picha ya rada unayoiona simuni inaweza kuwa imechelewa dakika tano. Dhoruba inayokwenda kilomita 60 kwa saa husogea kilomita tano ndani ya dakika hizo, kwa hiyo tonado haipo pale simu inapoonyesha. Barabara nyingi za ile miraba ni za udongo, na udongo ule ukiloa gari huteleza hadi mtaroni. Mikataba mingi ya magari ya kukodi haikulindi ukiharibu gari kwenye barabara zisizo na lami, na kioo kilichovunjwa na mvua ya mawe kinaweza kuwa deni lako. Tena usiende peke yako: mmoja aendeshe, mwingine asome rada na ramani.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado ilipanuka hadi kilomita 4.2, upana mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa. Ikiwa imefichwa na mvua, ilibadili mwelekeo na kuongeza kasi kwa ghafla. Tim Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young walifia humo ndani ya gari lao. Samaras hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Mwaka 2003 huko Manchester, South Dakota, chombo alichokiweka kwenye njia ya tonado kilipima kanieneo ya hewa ikiporomoka kwa hektopaskali 100, kipimo ambacho wanasayansi walikuwa wakikitafuta kwa miaka mingi. Wawindaji wote walimheshimu kwa tahadhari yake. Kama yeye aliweza kunaswa, mgeni wa wiki moja hana sababu ya kusogea alikosogea yeye.

Na bado tonado siyo hatari kubwa kuliko zote. Machi 2017 wawindaji watatu walikufa karibu na Spur, Texas, magari yao yalipogongana kwenye makutano ya barabara. Aprili 2022 wanafunzi watatu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walikufa katika ajali ya barabarani wakirudi kutoka kuwinda huko Kansas. Mwendo mrefu, usiku, mvua, uchovu, na macho yaliyoko angani badala ya barabarani: hayo ndiyo yanayoua. Kwa sababu hiyo pekee, kwa safari ya kwanza mimi nachagua kiti cha mtalii bila kusita, hata kwa mtu mwenye leseni ya miaka ishirini.

Kwa walioko Ulaya nitapita haraka. Msimu wao ni Juni hadi Agosti. Kaskazini mwa Italia kuna mvua ya mawe ya kutisha: punje iliyookotwa Azzano Decimo tarehe 24 Julai 2023 ilikuwa na kipenyo cha sentimita 19, rekodi ya Ulaya. Rada zipo na barabara zipo, lakini misitu, vijiji na mizunguko ya njia humficha mtu dhoruba hadi imfikie. Ukiishi Milano au Vienna, winda karibu na nyumbani. Kusafiri kutoka mbali kwa ajili ya hilo sioni faida yake.

Darwin na Maracaibo: dhoruba zinazokuja zenyewe

Hapa mchezo unabadilika, kwa sababu huendi kokote. Unachagua kibaraza, unasubiri.

Kaskazini mwa Darwin kuna visiwa vya Tiwi, Bathurst na Melville. Katika miezi inayotangulia mvua na wakati wa mvua zenyewe, upepo wa bahari huingia visiwani kutoka pande zote, hukutana katikati, na hewa haina pa kwenda ila juu. Kwenye saa tisa alasiri wingu huanza kupanda, nalo hufika hadi kilomita 20 kwenda juu. Marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walilitumia kama alama ya njia wakaliita Hector, na jina limebaki. Sijui wingu lingine duniani lenye jina lake na ratiba yake.

Jioni Darwin hupata zawadi ya pili. Safu za dhoruba huja kutoka bara, upande wa mashariki, hupita juu ya mji, kisha huingia baharini upande wa magharibi, ambako jua linazama. Anayekaa Nightcliff au East Point huliona wingu la mbele likija kama ukuta, anaingia ndani mvua inapopiga, na ikishapita anabaki na radi juu ya bahari usiku. Rada ya Darwin inapatikana bure kwenye simu. Hospitali, hoteli na barabara ni za mji wa kisasa. Kinachohitaji tahadhari ni fukwe: mamba wa maji ya chumvi wapo, hivyo stendi ya kamera usiiweke ukingoni mwa maji gizani. Novemba na Desemba joto ni zito sana, lakini mtu wa Mombasa au Dar es Salaam atalizoea kuliko Mzungu.

Maracaibo inaishinda Darwin kwa wingi wa radi, tena kwa mbali. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia takwimu za miaka 16, uliiweka ya kwanza duniani kwa mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na usiku wenye dhoruba karibu 300. Ziwa lina maji ya joto na limezungukwa na mikono ya milima ya Andes kama bakuli lililo wazi upande mmoja, na upepo wa usiku kutoka milimani hukutana na hewa yenye unyevu juu ya maji. Mabaharia waliitumia mimweko yake kama mnara wa taa. Mwanzoni mwa 2010, ukame ulipokaza, radi ilikoma kwa wiki kadhaa na watu wa huko wakashtuka.

Lakini jipime. Kufika kusini mwa ziwa kunahitaji safari ndefu ya barabara na ya mtumbwi, na kulala katika nyumba zilizojengwa juu ya nguzo majini. Ukiumia, daktari yuko mbali. Usalama wa Venezuela umekuwa wa mashaka kwa miaka, na kupata bima ya safari ni kazi. Kwa kipimo changu cha habari na njia ya kutokea, Darwin inashinda wazi. Anayetaka kuhesabu mimweko tu atapenda Maracaibo. Anayetaka likizo ambamo dhoruba ni sehemu ya kila jioni aende Darwin.

Kwetu: Ziwa Victoria, Kivu na Kericho

Uchunguzi ule ule wa 2016 una orodha ya sehemu kumi zinazoongoza duniani, na tano kati yake ziko Kongo: Kabare, Kampene, Sake, Butembo na Boende. Kabare, ng'ambo ya Bukavu kidogo tu, ni ya pili duniani baada ya Maracaibo, kwa mimweko 205. Watu wanauza magari kwenda kutafuta kile ambacho mama wa Kabare anakisikia akiwa jikoni.

Hata hivyo siwezi kumshauri mtu aende kuwinda dhoruba huko kama anavyowinda Kansas. Milima inaficha wingu hadi likufikie juu ya kichwa. Barabara ni moja, na ikikatika imekatika. Picha za rada za kufuata kwenye simu hakuna. Na juu ya yote kuna vita: Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Anayetaka kuliona anga lile kwa amani akae upande wa Rwanda, Karongi au Rusizi, ndani ya hoteli inayotazama magharibi, ng'ambo ya Ziwa Kivu, katika miezi ya mvua. Lami inafika, na milima yenye radi iko mbele yako, ng'ambo ya maji.

Ziwa Victoria ndilo chaguo langu la kwanza kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na nitaeleza namna ya kulitumia kwa sababu wengi hulitazama saa isiyo yake. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na linatosha kujitengenezea upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na dhoruba hujijenga kwenye nyanda za juu, hasa mashariki, Kisii, Kericho na Nandi. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, upepo huelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, na radi huwaka juu ya maji tangu usiku wa manane hadi asubuhi. Kwa kuwa upepo mkuu hutoka mashariki, dhoruba hizo husogea magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka na Musoma, ng'ambo, haifikii hata nusu yake.

Kwa hiyo ukitaka dhoruba ya alasiri, kaa Kisumu utazame mashariki, milimani. Ukitaka ya usiku, nenda Bukoba, Aprili au Novemba, uchukue chumba cha jengo imara kinachotazama ziwa, na uamke saa tisa usiku. Mwanza nayo ni nzuri kwa kutazama kaskazini, ila usiende kusimama juu ya yale mawe makubwa ambayo kila mtu anapigia picha. Kwa upande wa habari, hali imeboreka: rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iko Mwanza, na mradi wa HIGHWAY wa kati ya 2017 na 2021 uliwezesha utabiri wa ziwa kutolewa kila siku kwa lugha ambazo wavuvi wanazielewa. Fuatilia taarifa za TMA au za idara za Kenya na Uganda kabla hujapanga usiku wako.

Nataka msomaji akae na jambo hili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, na hali mbaya ya hewa ni sababu kubwa. Mimweko unayoipiga picha kutoka kwenye baraza iko juu ya wavuvi wa dagaa walio ndani ya mitumbwi wakiwa na taa zao. Usimlipe mtu akupeleke majini kwa mtumbwi uone radi kwa karibu. Atakubali kwa sababu anahitaji pesa. Ukiona anga linajifunga jioni na wavuvi wanaandaa nyavu, waambie ulichokisoma kwenye utabiri. Wapenzi wa dhoruba wa Marekani walipata heshima kwa kuripoti walichokiona, na nafasi hiyo kwetu iko wazi kabisa.

Nchi kavu nako radi haina huruma. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi huko Kiryandongo, Uganda. Machi 2018 iliua watu 16 kanisani Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa kwenye ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Banda la nyasi, nyumba ya udongo yenye bati na mti wa mwembe havilindi mtu. Jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba hulinda, na gari lenye paa la chuma lililofungwa vioo hulinda. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo: zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na unapaswa kuwa umeshaingia ndani. Toka baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Shirika la ACLENet lenye makao Kampala hufunga vikinga-radi mashuleni. Mwenye pesa ya safari ya Kansas anaweza pia kuuliza shule aliyosoma ina kinga gani.

Kericho ninaitaja kwa wapenzi wa mvua ya mawe. Iko karibu na ikweta lakini juu sana, na imewahi kurekodi siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, rekodi ya dunia. Kuna watafiti waliofikiri kwamba vumbi la majani ya chai kutoka mashambani husaidia barafu kuanza kuganda mawinguni. Punje zake kwa kawaida ni ndogo zikilinganishwa na zile za Oklahoma, ingawa kwa mwenye shamba la chai hasara yake si ndogo.

Upi sasa?

Kwa kamera, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Radi za usiku zinahitaji kamera iliyotulia kwenye stendi na shata iliyoachwa wazi kwa sekunde kadhaa, iwe ni Bukoba au Darwin, na simu nyingi za sasa zinaliweza hilo. Marekani unahitaji lenzi pana, kwa sababu wingu halienei kwenye fremu.

Kama hujawahi kukaa usiku mzima ukitazama dhoruba, anza na Bukoba au Karongi. Gharama ni nauli ya basi na chumba, na utagundua kama una subira, maana subira ndiyo nusu ya mchezo huu popote utakapokwenda. Ukirudi bado una hamu na una akiba, weka nafasi ya safari ya kampuni huko Marekani: nusu ya pili ya Mei kwa Oklahoma na Kansas, au Juni kwa Nebraska na kaskazini yake, ambako magari ya wawindaji hupungua kidogo. Weka nafasi mapema, kwa kuwa viza huchukua muda na viti vya Mei huisha. Mwenye familia na watoto nampeleka Darwin, kwani watoto hawatavumilia kilomita 600 za gari kwa siku. Usukani wako mwenyewe uje baada ya mafunzo na baada ya msimu mmoja nyuma ya mtu anayejua. Maracaibo iache hadi bima ya kawaida ya safari itakapokubali kukufuata huko.